Lundo Lililokataa Kupata Moto

Mukandori alichomeka fimbo ndani ya lundo la mavi ya ng'ombe, akasali Baba Yetu tatu bila haraka, kisha akaichomoa na kuifumbata kiganjani. Ilikuwa baridi kama mgongo wa chura. Akaisogeza puani. Ilinuka yai viza.

"Hata weye," akaliambia lundo. "Hata weye unanikatala."

Mtoto mgongoni mwake alicheka, kwa kuwa kila mama yake alipoongea yeye alidhani anaongeleshwa.

Ulikuwa mwanzo wa mwezi wa sita, mwaka 1953, pale Burungu, kwenye milima ya Masisi. Miaka minne ilikuwa imepita tangu Mukandori, mumewe Hakorimana na mama mkwe wake Nyiraneza wafike kwenye vilima hivi kutoka Rwanda, wakiswaga ng'ombe wawili: Gaju, mwenye rangi ya kahawia iliyoiva, na mtamba wake. Mwaka uliopita serikali iliwapa shamba moja mteremkoni, ila iliwapa kwa kujaribiwa, misimu mitatu ya maharage. Likizaa, ni lao. Likishindwa mara tatu, watahamishiwa chini upande wa Walikale, ukingoni mwa msitu. Watu wa kule wanaishi vizuri na ndizi zao na mitego yao. Lakini msitu una nzi wake, na ng'ombe wa milimani akiumwa na nzi wale hukonda, macho yakatoa maji, akalala asiinuke. Gaju hangemaliza mwaka.

Msimu wa kwanza ulishindwa. Wa pili ulikuwa unakufa mbele ya macho yao. Udongo ule ulikuwa umechoka kabla hawajafika. Maharage yalitoka ya manjano, yakafika magoti ya kuku, yakasimama hapo. Ulibaki msimu mmoja, wa kupandwa mwezi wa tisa.

Dawa ilijulikana, tena walikuwa nayo mlangoni. Athanase, monitere aliyetumwa kufundisha wakulima, alikuwa ameieleza tangu mwaka uliopita. Alikuwa kijana mrefu wa Walikale, mtoto wa wawindaji, aliyekuja na baiskeli kila baada ya wiki mbili. Hakuna siku aliyomsalimu Nyiraneza kofia ikiwa kichwani.

"Mavi mabichi inaunguza mbegu," alikuwa amesema. "Lazima iive kwanza. Unatia kapu moja ya mavi, makapu mbili ya majani makavu. Unatia maji kidogo. Ukiikamua mu mukono, maji isidondoke, lakini ishikamane. Siku ya tatu inapata moto. Wiki mbili, unageuza. Miezi tatu, njo inakuwa udongo mweusi, haina harufu."

"Na isipopata moto?" Mukandori aliuliza.

"Itapata."

"Papa Athanase, nauliza isipopata."

Athanase alifungua daftari lake, akageuza kurasa, akalifunga. "Kitabu inasema itapata."

Basi mwaka mzima Mukandori alilifukuzia joto kama mtu anayemfukuzia mbuzi aliyekata kamba. Mvua ya mwezi wa kumi ililowesha lundo. Akajenga kibanda cha majani ya migomba juu yake. Halikupata moto. Labda majani ni machache. Akapanda mpaka kileleni kukata nyasi kavu, akashuka na mizigo sita, viganja vimechanika. Halikupata moto. Labda limekauka, akanyunyiza maji kwa kibuyu. Labda limelowa, akaliacha. Halikupata moto, na kila mara alipochimba kuangalia, alikuta weusi wa kuteleza na harufu ileile ya yai viza.

Kilichomchosha zaidi ni kwamba Athanase alipokuja alilisifu.

"Mama Mukandori, lundo imeshuka!" alisema siku ile ya mwezi wa sita, akipima kwa fimbo yake. "Wiki mbili zilizopita ilinifika kifuani, leo iko mu kiuno. Lundo ikishuka, njo kusema inaiva."

"Iko baridi, Papa."

"Na tazama namuna iko safi. Laini kama ukuta ya kanisa! Kule Lushebere malundo yao iko ovyo ovyo, kama kiota ya kunguru."

"Tia mukono."

Athanase alitia mkono kwa adabu, akautoa, akajifuta kwenye nyasi. "Iko baridi," alikubali. Kisha, kwa sauti ya mtu asiyependa anachosema: "Mwezi wa kumi na moja wakubwa yangu watakuja kupima shamba. Miye sitaweza kuwaambia wangoje."

Siku ile Mukandori aliitupa fimbo nje ya ua, ikapita juu ya miiba. Hakorimana, mtu wa maneno machache, alitoka bila kuulizwa, akaitafuta majanini, akaiosha, akaiegemeza mlangoni. Wapo wanaume ambao wangecheka.

Mama mkwe naye alikuwa na wema wake, mkubwa kuliko wote. Tangu mtoto azaliwe, mwaka uliopita, Nyiraneza hakumwacha Mukandori aamke kusafisha zizi. Alitangulia yeye, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, akazoa mavi kwa mikono kama ilivyo desturi, akayabeba kwa kapu mpaka kwenye lundo, akarudi na vidole vilivyovimba kwa baridi. Mukandori akijaribu kuinuka, mama mkwe alimrudisha kwa neno moja.

"Lala, mwanangu. Maziwa ya mutoto inatoka mu usingizi ya mama yake."

Kwenye vilima vile walikuwapo mama wakwe ambao hawakujua kama wakaza wana wao hulala. Mukandori alilijua hilo, na kila asubuhi alilala nusu saa nyingine akimwombea heri mwanamke yule mzee.

Ukame ukaingia. Nyasi zikageuka rangi ya simba, asubuhi zikawa za baridi kali. Katikati ya mwezi wa saba, jirani yao Adelaïde alisimama nje ya ua. Watu wake walikuwa wa Masisi tangu zamani, na mashamba ya babu yake yalionekana kutoka pale, lakini tangu siku ya kwanza aliwapokea wageni hawa kwa kapu la viazi vitamu na maneno ya mzaha.

"Hodi! Kuku yangu iliolewa kwenu? Siku tatu hailali nyumbani."

"Hatujaleta mahari," Mukandori alijibu. "Ingia umutafute."

Walimtafuta nyuma ya zizi, chini ya ghala, wakamkuta mwisho wa lundo, pale ambapo sehemu yake ilikuwa imemeguka na kuangukia ndani ya ua wa miiba. Alikuwa ameatamia, macho mekundu, hataki mtu. Adelaïde alimnyanyua huku akidonolewa, akapitisha mkono chini ya mayai, akauvuta haraka.

"Ee, mama yangu! Hapa chini kunachoma! Kuku gani hii, inapika mayai yake yenyewe?"

Mukandori alipiga magoti. Akasukuma mkono wake kati ya miiba, ndani ya majani na mavi, mpaka kwenye kiwiko. Joto lilimkamata kama maji ya kuogeshea mzazi. Akaendelea, na mbele zaidi hakuweza kuvumilia. Alichotoa ni kitu cheusi kinachomomonyoka, chenye harufu ya msitu baada ya mvua.

Alikaa chini vumbini. Hatua mbili kutoka hapo lilisimama lundo lenyewe, laini, zuri, baridi. Mavi yaleyale ya Gaju, majani yaleyale ya kileleni, maji yaleyale.

"Juu ya nini hapa, na pale hapana?" aliuliza.

"Unaniuliza miye?" alisema Adelaïde, akimfunga kuku wake kwenye kanga. "Miye niko na kuku tu. Nyinyi njo watu wa ngombe, munalalishaka mavi sawa mufalme."

Adelaïde alipoondoka, Mukandori alichukua jembe. Kwenye lundo lile kubwa jembe liligonga, likarudi. Akapiga tena. Likang'oka bamba zima, gumu kama tofali lililokauka na ukame, majani yamebanwa ndani yake hata hewa ya kumtosha mdudu haimo. Chini yake bamba jingine. Na juu ya bamba la tatu, wazi kama muhuri, kulikuwa na alama ya mguu. Mguu mwembamba, wa kushoto, usio na kidole cha mwisho.

Katika ua ule mtu mmoja tu alikosa kidole hicho. Funza walikuwa wamekila alipokuwa msichana.

Asubuhi iliyofuata Mukandori hakusinzia. Aliposikia mlango unafunguliwa alihesabu mpaka mia, akainuka, akachungulia. Nyiraneza alikuwa juu ya lundo, nguo imefungwa juu ya magoti, fimbo ya kutembelea mkononi, akikanyaga. Alikanyaga taratibu, kisigino baada ya kisigino, kama anayecheza ngoma ya harusi. Kisha akashuka, akachota mavi mabichi, akaanza kulipaka lundo ubavuni kwa viganja, kutoka chini kwenda juu, akilisemesha.

"Simama, simama vizuri. Watu wa njia waone Gaju iko na kwao. Waone mukazana wangu haiko muvivu."

Mukandori alielewa mara moja, na kuelewa kwenyewe kulimkasirisha. Hata kwa baba yake ilikuwa hivyo. Lundo la mlangoni ni uso wa nyumba. Mwenye ng'ombe hulisimamisha, hulikanyaga, hulilainisha, ili apitaye aseme: hapa kuna maziwa. Lundo lililotawanyika husema ng'ombe wamekufa, au mke hajui kuamka. Yeye mwenyewe alikuwa amepita mbele ya ulaini ule mwaka mzima bila kuushangaa, kama mtu asivyoshangaa ukuta wa nyumba yake. Na Athanase, ambaye kwao hakuna zizi, alikuwa ameona lundo linashuka kwa visigino vya bibi kizee, akaandika kwamba linaiva.

Mwaka mzima. Mizigo ya nyasi, viganja vilivyochanika, misimu miwili. Mukandori aliingiza pindo la kanga mdomoni, akaling'ata asije akapiga kelele, akarudi kulala kando ya mtoto akiwa na hasira isiyokuwa na mahali pa kutua. Utamkasirikiaje mtu anayekuharibia kwa kukupenda?

Alijaribu kwa njia ya kuzunguka.

"Mabukwe," alisema wakati wa kumenya viazi, akitumia jina la heshima la mama mkwe, "Papa Athanase anasema lundo inapenda kuachwa. Isiguswe mingi."

"Athanase iko mutoto muzuri," Nyiraneza alijibu. "Anatoaka kofia. Lakini kwao kuko nyani, hakuko ngombe."

Kesho yake lundo lilikuwa laini zaidi.

Akajaribu kumtangulia kuamka. Akamkuta mama mkwe ameshafika zizini, anacheka. "Unanikimbiza wapi? Rudi kwa mutoto." Siku ya pili Mukandori akawahi zaidi, na mama mkwe akawahi zaidi yake. Siku ya tatu Gaju mwenyewe alikataa kusimama, akawatazama wote wawili kama wendawazimu.

Akamwendea mumewe.

"Mwambie mama yako."

Hakorimana alikuna kidevu. "Miye nimuambie mama yangu kazi yake inatuharibia? Anafanya ile kwa juu yako. Mwambie weye."

"Miye mukazana?"

"Basi."

"Basi nini?"

Akatoka kupasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa. Wiki saba zilikuwa zimebaki kabla ya kupanda, na lundo linahitaji miezi mitatu.

Ilipofika siku ya Jumatatu ya mwisho wa mwezi, Nyiraneza aliingia kutoka zizini, mikono imekunjwa kifuani. Baridi ilikuwa kali hata nyasi zilikuwa nyeupe. Alijaribu kuvunja kijiti cha kuwashia moto, vidole vikakataa. Akajaribu tena. Mukandori alimtazama, na mara ile hasira yote aliyokuwa akiibeba ilichoka, ikakaa chini. Alisimama, akaishika mikono ile miwili.

"Mabukwe, njoo upashe mikono."

Akamwongoza nje, wakapita mbele ya lundo, mpaka mwisho wake kwenye miiba. Akampigisha magoti polepole, akaisukuma mikono yake ndani ya yale majani yaliyoanguka.

Nyiraneza alifumba macho. "Ayii," alisema. "Inapumua. Kama ngombe amelala." Akasukuma viwiko. Akakaa hivyo kwa muda, uso wake ukilegea. Kisha akafumbua macho, akatazama lundo lake refu, akautoa mkono mmoja akauweka juu ya ubavu ule laini. Akauondoa.

"Hapa inachoma," alisema. "Pale juu ya nini haichomi?"

Mukandori aliuondoa mwiba ulioshika nguo ya mzee.

Mzee alitazama miiba. Akatazama mguu wake wa kushoto, wenye matope mpaka kwenye kifundo.

"Hapa mguu yangu haifikaki," alisema taratibu. "Miiba inanikatazaka."

Akautoa na mkono wa pili.

"Tangu lini unajua?"

"Wiki mbili."

"Na lundo iko baridi tangu lini?"

"Mwaka, Mabukwe."

Nyiraneza alisimama kwa kujisukuma na fimbo, na Mukandori, aliyetarajia machozi, alishangaa kuona hasira.

"Wiki mbili! Unaniacha nakanyaga maharage ya wajukuu wangu wiki mbili, unaniambia habari ya Athanase, sijui lundo inapenda kuachwa! Miye niko mama ya muntu ao niko mufalme, hata muntu aogope kuniambia?"

"Ulikuwa unaniacha nilale," Mukandori alisema, na sasa yeye ndiye aliyelia. "Namna gani ningekuambia?"

"Kwa mudomo!" mzee alijibu. "Leta jembe."

Walilibomoa lundo siku ile na ya pili yake, bamba kwa bamba, wakiyavunja kwa mikono. Hakorimana alipanda kileleni mara nne kuleta nyasi kavu, na Adelaïde alileta vigogo vya migomba vya kulaza chini ili hewa ipite. Kapu moja la mavi, makapu mawili ya majani, maji kidogo. Hakuna aliyekanyaga. Lundo lilisimama limevimba, nywele timtim. Nyiraneza alilizunguka akiwa amefumba mdomo, kama mtu anayetazama binti yake akitoka nje bila kujisitiri.

Siku ya tatu Mukandori alichomeka fimbo. Baba Yetu ya kwanza, ya pili. Ya tatu hakuimaliza. Akaichomoa, akaiachia. Mama mkwe aliiokota, akaifumbata, na ingawa ilimchoma hakuiachia.

Asubuhi moja baada ya hapo, mtu mmoja aliyekuwa akienda Kashuga na mbuzi zake alisimama njiani.

"Bibi! Ngombe zenu zilikufa? Lundo gani hii, kama kichwa ya muntu aliamka na pombe ya malwa?"

Mukandori, ndani ya nyumba, alisikia. Alijua maneno hayo ndiyo mama mkwe aliyoyakimbia mwaka mzima.

"Tia mukono, kama uko mwanaume," Nyiraneza alijibu.

Mtu yule akatia, akaruka, mbuzi wakatawanyika, na mzee akacheka mpaka akakohoa.

Lakini wiki hazirudi nyuma. Waligeuza kila siku ya saba badala ya wiki mbili, wakiomba joto liharakishe, na hata hivyo mwezi wa tisa ulipofika, katikati tu ya lundo ndiyo iliyokuwa imeiva. Kandokando bado majani yalionekana, na mabichi huunguza mbegu. Mukandori alichuja kwa mikono. Ilitosha nusu ya juu ya shamba. Alisimama kwenye mstari pale mbolea ilipokwisha, kapu tupu, akatazama udongo mkavu uliobaki chini. Mwaka ule mmoja, alifikiri. Ningekuwa na mwaka ule mmoja.

Mwezi wa kumi na moja wapimaji walikuja, na Athanase nyuma yao. Nusu ya juu maharage yalikuwa ya kijani kizito, yakifika kiunoni, maganda yamening'inia. Nusu ya chini yalikuwa yale ya siku zote, magoti ya kuku. Ungefikiri mtu amevuta kamba. Athanase alitembea juu ya mstari ule kutoka mwisho hadi mwisho, akainama, akashika udongo wa pande zote mbili. Kisha akawaeleza wakubwa wake, mbele ya watu wote, kwamba mwaka mzima aliandika vibaya katika daftari lake, kwamba alisifu lundo lililokanyagwa kwa kuwa hakujua, na kwamba kosa hilo lisihesabiwe kwa familia hii. Hakulazimika kuyasema hayo. Mukandori alimkumbuka kwa hayo mpaka uzeeni.

Wapimaji walinong'ona kwa muda mrefu. Nusu ya juu ikawa yao. Nusu ya chini wataijaribu msimu mmoja zaidi. Kuhusu Walikale, hakuna aliyetaja.

"Nusu," Mukandori alisema jioni ile, akivua viatu. "Nusu, na kungoja tena."

"Gaju haiendi," alisema Hakorimana.

"Nimesikia. Gaju haiendi." Lakini hasira ya mwaka ule haikumtoka. Ilibaki kama mwiba mdogo kisiginoni, ambao mtu hutembea nao.

Asubuhi aliamka jua likiwa limepanda. Hakuna aliyemwamsha, maziwa yalikuwa yamekamuliwa, zizi limesafishwa. Alitoka na fimbo yake kupima lundo jipya. Lilikuwa timtim kama inavyotakiwa, linatoa mvuke mweupe katika ubaridi. Akalizunguka. Upande unaotazama njia, chini kabisa, palikuwa na sehemu ndogo iliyolainishwa. Haikuzidi kiganja kimoja, na alama za vidole bado zilionekana, vidole vilivyovimba viungo.

Mukandori aliinua fimbo ili aivunje sehemu ile laini. Akaziangalia tena alama za vidole vile. Kisha akaichomeka fimbo mahali pengine, akaanza Baba Yetu ya kwanza.